Mama alivyoniulizia watoto

Mwaka ule nilivunjika mguu, nikafungwa hogo mpaka juu ya goti, kila kitu naletewa pale pale kwenye kochi. Rafiki yangu mmoja akaja na pazo la vipande 1000 vya kuunganisha mpaka picha itokee, picha yenyewe ile Bustani ya Starehe za Dunia ya Hieronymus Bosch, mchoraji wa Kiholanzi aliyefariki 1516. Yenyewe halisi iko makumbusho ya Prado, Madrid, mbao tatu zinazofunguka kama madirisha.

Kama hujaiona, kushoto kuna Adamu na Hawa, nyuma yao tembo na twiga mweupee, katikati sasa ndo balaa, umati wa watu uchi wamepanda wanyama, wamekumbatia matunda yaliyowazidi miili, afu kulia jehanamu, kuna dubwana lenye kichwa cha ndege limekaa kwenye kiti kirefu, sufuria kichwani, linameza mtu mzima mzima.

Tukawa tunapanga na mama jioni jioni. Yeye anachambua vipande kwa rangi, kimya, mi ndo mdomo, maana mchana kutwa nashinda intaneti nasoma, jioni profesa. Bundi aliyejificha kwenye tundu la chemchemi nikamwambia ni giza na upotovu, japo kuna wanaosema hekima (we chagua tu). Yale mastroberi makubwa nikamweleza kuna mtawa wa Hispania, José de Sigüenza, aliandika 1605 kwamba ni raha za dunia, ladha yake ikishapita hata huikumbuki. Mama anaitikia tu mhm, mhm.

Siku tunamalizia ile sehemu ya katikati akavua miwani, akaifuta na kanga, akavaa tena, akainama kabisa pua inakaribia kugusa meza.

"Mwanangu, watoto wa hawa watu wako wapi?"

Nikacheka. Afu nikaanza kutafuta. Nikatafuta kona hadi kona, nikawasha tochi ya simu, hamna mtoto hata mmoja, hamna mzee, wote rika moja. Wiki nzima nafafanua mnyama mmoja mmoja na hilo sijaliona! Baadaye nikakuta wachambuzi nao walishaliongelea, ila siku ile sikuwa na la kusema, nikabaki kujiumauma, "labda mama, unajua, ishara ya…"

"Ishara gani," akanikata. Akaweka kidole pale kwenye bata mkubwa ana tunda mdomoni, watu wamemzunguka, mmoja kaachama anasubiri alishwe. "Watoto si ndo hawa hawa. Mtu na akili zake timamu analishwa na bata?"

Nikasema kweli mama, hiyo sijaisoma popote.

Akanyanyuka akaenda jikoni, akarudi na sahani yangu ya chakula, kijiko kishachomekwa, akanisogezea mpaka kifuani huku anaangalia pembeni anajizuia kucheka.