Siku moja kazini kwangu: msaidizi wa watoto wanaojifunza Kiingereza, Kentucky

Nikiwaambia watu wa nyumbani nafanya kazi shuleni huku Marekani wengine wanadhani nafundisha Kiswahili, wengine wanadhani mi ni mkalimani nakaa ofisini nasubiri simu. Hapana jamani. Mi ni msaidizi wa mwalimu kwenye shule ya kati, darasa la 6 mpaka la 8, hapa Lexington Kentucky, na watoto wangu ni wale ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga. Wengi Wakongo waliotokea kambini, Nyarugusu ya Tanzania na Nakivale ya Uganda, kuna Warundi, kuna wa Guatemala na Honduras pia. Na mi ni mzaliwa wa Kasulu, Nyarugusu ni wilayani kwetu, kambi ipo tangu 1996, kwahiyo mtoto akinambia kwao ni zone gani tunaelewana bila maelezo mengi. Basi ngoja niwape Jumanne moja ya mwezi huu wa kwanza ilivyokwenda.

Saa 12 asubuhi. Simu imejaa voisi. Wazazi wetu hawaandiki meseji, wanatuma voisi, na wala siwalaumu. Usiku theluji imeanguka, shule imepiga ile simu ya kurekodiwa kwamba tunachelewa kufungua kwa saa moja, mzazi kapokea kasikia Kiingereza kakata. Sasa ni mimi. "Mama, bus ya masomo itakuya leo?" Itakuja mama, ila itachelewa, mvalishe mtoto koti kabisa asitoke na ile sweta. Nimejibu voisi hizo huku napaka mkate siagi.

Saa 3:30. Mabasi yanaingia. Leo kuna mgeni, kijana wa miaka 13, wamempanga darasa la 7 kwa sababu huku mtoto anapangwa kwa umri, haijalishi kule alikotoka aliishia la 4 au alikaa mwaka mzima bila kusoma. Mama yake kwenye fomu ya kuandikishwa, pale panapouliza nyumbani mnaongea lugha gani, kaandika Kiingereza. Nilishaona hii sana, wanaogopa wakiandika Kiswahili mtoto atakataliwa. Nikamkalisha pembeni nikamwambia dada yangu, hakuna wa kumkataa, tangu 1982 Mahakama ya Juu ya hapa ilishasema shule haiwezi kumfukuza mtoto hata kama hana karatasi za kuishi nchini, na nyie karatasi mnazo tena za serikali. Na ukiandika Kiingereza ndo umemnyima msaada, maana hawatampima Kiingereza. Kuna kesi nyingine ya 1974, ya watoto wa Kichina San Francisco, mahakama ikasema kumpa mtoto dawati na kitabu sawa na wenzie halafu haelewi linalosemwa huo sio usawa. Hiyo kesi ndo inanilipa mshahara mi naiheshimu sana. Tukafuta, tukaandika Kiswahili.

Saa 4, hesabu. Hapa nikae kidogo maana hii watu hawaijui. Wakongo wa kambi ya Nyarugusu wanasoma mtaala wa kwao, wa Kifaransa. Swali lilikuwa gari limetembea maili 1,250 kwa siku 2, kwa siku moja ni maili ngapi. Kijana wangu mmoja wa la 7 akajibu 0,625. Mwalimu akaweka X, akaniangalia kama kusema huyu hajui hata kugawanya. Nikamwambia hebu iangalie tena. Kwa mtoto aliyesoma Kifaransa ule mkato ndo nukta yetu sisi, yeye kasoma moja na robo, kaigawa kwa 2, kapata 0,625, hesabu iko sawa mpaka tarakimu ya mwisho, na bila kalkuleta! Mwalimu akacheka akashika kichwa, akafuta X. Tangu hapo tumebandika karatasi ukutani, mkato huku unatenganisha maelfu, nukta ndo desimali, na ile 7 yenye kistari katikati ni saba jamani sio herufi F.

Halafu sarafu. Maswali ya sarafu hayaishi kwenye vitabu vya huku, na sarafu ya senti 10 ni ndogo kuliko ya senti 5 na haijaandikwa 10 popote, imeandikwa one dime basi. Mtoto aliyekuja wiki iliyopita atajuaje? Natembea na sarafu za kweli kwenye mkoba, tunazimwaga mezani tunazipanga, dakika chache tu limeisha. Ukimpa tafsiri ya lile swali kwa Kiswahili bado asingejua.

Na hapo nifafanue, kutafsiri kila kitu hakusaidii kama watu wanavyodhani. Kuna walimu wazuri tu wana roho safi wanachukua karatasi nzima wanaipitisha kwenye programu ya kutafsiri wanampa mtoto. Mtoto anaitazama. Kwanza Kiswahili kile ni cha gazeti, yeye kaja na Kiswahili cha Fizi, huko Kongo. Pili wengi Kiswahili wanakiongea vizuri mno ila kukisoma hawajafundishwa. Na tatu, wakati wenzake wanajadili yeye yuko peke yake na karatasi yake, kakaa darasani na hayupo. Mi nachotaka ni apate pa kuingilia kwenye mazungumzo ya darasa hata kwa sentensi moja ya kuchechemea.

Saa 5:30, sayansi. Kipindi ninachokipenda. Mwalimu wa sayansi ni mama mmoja anayejua kazi, na theluji ya leo kaigeuza somo, kwanini wanamwaga chumvi barabarani. Vikombe viwili vya barafu, kimoja kina chumvi, kila kimoja na kipimajoto. Kabla hatujaanza nikawakumbusha wangu kwamba hicho kipimajoto ni cha Fahrenheit, maji yanaganda kwenye 32, wao wanajua 0 na 0 yao ni sahihi.

Basi barafu ya chumvi ikaanza kuyeyuka haraka, na wakati huohuo kipimo kikawa kinashuka, 30, 27, 24. Meza yangu ikalipuka. Kwa Kiswahili! Inayeyuka halafu inazidi kupoa inawezekana vipi, mwingine anasema kipimo kimekufa, mwingine anabisha. Msimamizi mmoja alikuwa anapita akauliza kama hawa wanafanya kazi au wanapiga stori, nikamwambia hawa ndo wanafanya kazi kuliko meza zote. Huwa siwakatazi. Waache wabishane kwa lugha wanayoimudu, wazo likishakaa ndo tunalitafutia Kiingereza.

Kuna binti wa la 6, toka aje hajafungua mdomo darasani. Wataalamu wanasema hicho ni kipindi cha kimya, ni kawaida, mtoto anasikiliza anaweka akiba. Leo kaninong'oneza, "Madamu, minajua jibu, lakini sijui vile ya kuisema." Nikamsogezea ile karatasi ya vianzio vya sentensi tuliyoandaa, I think... because... Akaandika, akafuta, akaandika tena, akanyoosha mkono. "I think the ice with salt is more cold because the salt no let water to freeze." Mwalimu akasema exactly, akaiandika ubaoni jina lake pembeni. Mtoto mmoja akataka kumsahihisha kwamba ni colder, mwalimu akamwambia tutafika huko, sa hivi tunaongelea barafu. Nilitamani nimkumbatie huyo mwalimu. Sarufi ina wakati wake.

Saa 6:45 mchana. Chakula. Pizza na maziwa ya baridi kwenye kiboksi. Wanakula wakiongelea bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu.

Saa 7:30, kikao. Mtoto wa la 6 wanataka apimwe kama ana tatizo la kujifunza. Mwalimu, mwanasaikolojia wa shule, mama mzazi, na mkalimani wa kwenye simu ambaye Kiswahili chake cha mjini mama anakielewa nusunusu. Mama akasema mutoto wangu nyumbani anatuelezeaka hadithi mpaka tunacheka. Nikaomba hiyo waiandike. Sheria iko wazi, kutojua Kiingereza peke yake hakuwezi kuwa sababu ya kusema mtoto ana ulemavu, na kipimo chenyewe kinatakiwa kifanyike kwa lugha ya mtoto inapowezekana. Lakini pia nimeona kinyume chake, mtoto ana tatizo la kweli na kila mtu anasema aah ni lugha tu itapita, miaka inakwenda. Kwahiyo sikupinga kupima, nilipinga kupima kwa Kiingereza. Wamekubali kutafuta mpimaji anayejua Kiswahili.

Saa 8:30. Huu ni msimu wa mtihani wa WIDA, unaopima Kiingereza cha watoto kama hawa, kusikiliza, kuongea, kusoma, kuandika, unapangwa ngazi ya 1 mpaka 6. Kutafsiri swali siruhusiwi, nawapeleka tu nawarudisha. Kwenye kuongea mtoto anavaa hedifoni anaongea na komputa. Kijana anayewachambua watu kwa Kiingereza kwenye korido akifika pale anasema yes, no, kimya. Walimu wanashangaa mbona huyu anaongea vizuri. Kiingereza cha korido kinakuja ndani ya mwaka mmoja au miwili, cha kitabuni Jim Cummins wa Canada alishaonyesha kinaweza kuchukua miaka 5 mpaka 7, na hakuna njia ya mkato.

Saa 10:45 mabasi yameondoka. Jioni voisi tena. Baba mmoja anauliza aache kuongea Kiswahili na watoto ili Kiingereza kiingie haraka. Nikamwambia mzee wangu usithubutu, wasomee hata Biblia kwa Kiswahili, wasimulie, mtoto mwenye maneno mengi ya kwao anapata pa kuyaning'iniza ya huku.

Na wanaoniuliza kila siku hii kazi inapatikanaje: shule zinazopokea hela ya Title I, ile ya serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini, zinataka uwe na miaka miwili ya chuo, au ufaulu mtihani wa wasaidizi wa walimu, na vyeti vya nyumbani unavipeleka kwanza vikafanyiwe tathmini. Malipo ni kwa saa, kiangazi shule zikifungwa mi silipwi, jipange. Nafasi nyingi zinatoka kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa 8. Na kwenye ile sehemu ya lugha andika zote, hata kama Kirundi chako ni cha kuombea maji.