Siku moja maishani mwangu: vichwa vya kuazimana

Saa 11:00 alfajiri naingia zamu. Mimi ni mpangaji wa vichwa vya treni za mizigo, Chicago, Marekani. Watu wakisikia "reli" wanadhani naendesha. Siendeshi. Kazi yangu ni kujua kila kichwa kiko wapi, cha nani, na kwao wanakitaka lini. Hapa ndipo kampuni za reli za BNSF na Union Pacific za magharibi zinapokutana na CSX na Norfolk Southern za mashariki, na treni ya masafa mara nyingi haifunguliwi vichwa: anashuka dereva mmoja, anapanda mwingine, safari inaendelea kwenye reli ya jirani. Ndiyo maana treni moja unaiona ina rangi tatu.

Kichwa cha jirani kikiwa kwetu ni deni, nalo twahesabu kwa saa za hospawa, yaani nguvu ya injini mara saa. Kichwa cha hospawa 4,400 kikishinda kwetu saa 10, tunadaiwa 44,000. Tunalipa kwa kuwaazima cha kwetu.

Saa 12 mpaka saa 3: simu, skrini, kahawa.

Saa 3:20, balaa. Treni ya makontena, vichwa viwili vya jirani vimepeana migongo. Cha mbele kuvuta kinavuta, ila kompyuta yake ya PTC, ule mfumo unaoikamata treni dereva akipitiliza ishara, kila fundi akiiwasha inazima. Bila hiyo hakiongozi treni kwenye njia ile. Nikawapigia wenyewe.

"Kilitoka kwetu kizima."

"Kwetu hakijafika kizima, kaka."

"Tuma picha."

Picha ya nini, ya kompyuta iliyonuna? Nikatuma. Kioo cheusi, na kidole cha fundi kimeelekeza kwenye weusi.

Cha pili kizima, lakini kimetazama nyuma. Basi ikabidi vyote viwili vikatwe kwenye treni, viende kugeuzwa kwenye pembetatu ya reli, ili cha nyuma kiwe mbele. Kwa maneno ni dakika moja. Treni ya abiria ikapita, tukangoja. Ya pili, tukangoja. Swichi ya njia ikakataa, mtu akashuka na koleo kukwangua barafu. Vikarudi, vikaunganishwa, hewa ya breki ikajazwa upya mabehewa yote, breki zikapimwa. Fundi akatoa sauti redioni kama aliyemaliza kuzika: "Tayari."

Saa ngapi hiyo? Saa saba na kitu. Dereva alikuwa kazini tangu saa 8 usiku, na sheria inampa saa 12 tu. Amebakiza nusu saa, kituo cha kubadilishana kiko mbali. Nikamshusha, nikaita mwingine, huyo naye wa kungojwa.

Vichwa viwili vimesimama vinanguruma, 8,800 kila saa kwenye daftari la deni letu. Chakula changu sikumbuki kama nilikila.

Treni iliondoka jua likizama. Nilikuwa navaa koti, simu ikalia. Yule yule.

"Kaka, vichwa vyetu mbona siku nzima havijasogea?"