Steringi hafi, sawa, ila leo namtetea Hamilton Burger

Ukitaja Perry Mason, ile sirizi ya zamani ya TV ya Marekani kuhusu wakili wa utetezi Mason, watu wanakimbilia Raymond Burr aliyemcheza wakili huyo, na sikatai, mzee alikuwa na macho ya kumfanya shahidi aungame hata dhambi za jirani. Ila mimi nikirudia zile epsodi za zamani mtu ninayemwangalia ni yule wa meza ya pili, mwendesha mashtaka Hamilton Burger, aliyechezwa na William Talman. Jamaa alikuwa anapigwa mahakamani karibu kila wiki kuanzia 1957 mpaka 1966, sirizi ilifika epsodi 271 (hayumo kwenye zote, lakini nimeeleweka). Na jina lenyewe ukilifupisha unapata Ham Burger, yaani Erle Stanley Gardner, mwandishi wa vitabu vya Perry Mason, alishamkaanga kabla kesi haijaanza.

Talman alizaliwa Detroit mwaka 1915, akaanzia kwenye maigizo ya jukwaani, vita kuu ya pili ikampeleka jeshini, na alipofika Hollywood waliitazama ile sura wakaamua huyu ni adui tu. Kwenye Armored Car Robbery ya 1950 yeye ndiye bosi wa majambazi. Halafu 1953 ikaja The Hitch-Hiker, na hapa naomba tukae kidogo. Imeongozwa na Ida Lupino, enzi ambazo kumkuta mwanamke anaongoza filamu Hollywood ilikuwa kama kuona nyota mchana. Talman ni muuaji anayeomba lifti, anawateka marafiki wawili waliokuwa wanaenda zao kuvua samaki, anawaendesha jangwani huko Mexico, na shida ni kwamba jicho lake moja halifumbiki hata akilala. Sasa ni usiku, ana bastola, jicho liko wazi linakuangalia. Kalala? Hajalala? Unakimbia au unabaki? Filamu haifiki hata saa moja na nusu na mimi nilimaliza mabega yananiuma.

Prodyuza Gail Patrick Jackson aliiona hiyo filamu akamtaka Talman kwenye Perry Mason, na kichekesho ni kwamba Burr mwenyewe alikuja kufanyiwa majaribio ya kuwa Burger! Fikiria wangekosea kidogo tu.

Watu wanadhani kucheza mshindwa ni rahisi. Haya jaribu, wiki baada ya wiki mtazamaji anajua utashindwa, wewe mwenyewe unajua, lakini lazima usimame pale kama mtu aliyebeba ushahidi wote mkononi, alama za vidole zipo, bunduki ipo, sababu ipo, kwa hiyo Burger wa Talman si mjinga wala si mtu mbaya, ni mtu anayefanya kazi yake na kwa akili ya kawaida yuko sahihi kabisa mpaka dakika ile mtu fulani anasimama kule nyuma analia anasema ni mimi niliyemuua. Mwangalie uso hapo. Hafanyi vituko, anameza tu. Bila huyo wa kumeza, ushindi wa Mason unakuwa bei rahisi. Halafu kumbuka nyingi zilikuwa zile kesi za awali, za kupima tu kama ushahidi unatosha kumpeleka mtu kwenye kesi yenyewe, mbele ya jaji peke yake bila juri (wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia), kwa hiyo kisheria hata hakuwa ameshindwa kihivyo, ndo maana hafukuzwi kazi haha.

Kufukuzwa kulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1960 polisi walivamia pati moja aliyokuwepo, akashtakiwa, na CBS, kituo cha TV kilichokuwa kinarusha Perry Mason, wakamtoa kwenye sirizi hata kabla mahakama haijasema kitu. Mashtaka yakafutwa kwa kukosa ushahidi, CBS bado wamenuna. Gardner akamtetea, Burr akamtetea, barua za mashabiki zikamiminika, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi kwenye meza yake. Mara hiyo moja Mason alikuwa upande wake.

Filamu yake ya mwisho ni The Ballad of Josie ya 1967, nipite haraka hapo.

Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara na kansa ya mapafu ikamkamata. Mwaka 1968, akijua anakufa, alirekodi tangazo la Shirika la Kansa la Marekani akiwa nyumbani kwake, enzi ambazo waigizaji walikuwa wanalipwa kuzitangaza sigara, si kuzipinga. Anaonyesha nyumba, watoto, mke, anamtaja Burr aliyekuwa anamtwanga kila wiki, halafu anasema kuna mambo mawili amefanya kwa miaka mingi, kuvuta na kushindwa, kwa hiyo msikilizeni. Sauti bado ni ya Burger ila mwili umeisha. Alifariki tarehe 30 Agosti mwaka huohuo, ana miaka 53. Matangazo ya sigara yaliendelea kwenye TV za Marekani mpaka Januari 1971.