Isongole, kijiji kati ya milima miwili ya moto

Kosta ya Tukuyu ikishaiacha Uyole, nje kidogo ya jiji la Mbeya, huanza kupanda, na abiria waliozoea njia hii hufunga madirisha mapema. Nilishuka Isongole asubuhi, ukungu bado umelala barabarani. Kando ya lami akina mama walikuwa wamekwishapanga ndoo za viazi, karoti na kabichi, wamejifunga vitenge juu ya masweta. Kulipopambazuka vizuri ndipo Mlima Rungwe ulipojitokeza: mita 2,960, msitu mzito umeuvaa hadi juu. Upande wa pili wa barabara ni safu ya Uporoto, na ndani yake Ziwa Ngosi.

Wageni wengi huku wanalikimbilia ziwa, wanapiga picha na kurudi Mbeya jioni. Ziwa ni zuri kweli, lakini naona wanakosa mengi kwa kukipita kijiji.

Mama aliyenikaribisha alipokea shikamoo yangu, akanipa kikombe cha chai ya tangawizi, kisha akaniambia, "Mwanangu, kama umekuja kuona mlima, twende shambani kwanza." Shamba lake liko mtelemkoni, matuta ya viazi yamekata mteremko. Pale ukingoni, ardhi ilipochongwa kupitisha njia, udongo umejipanga kwa tabaka: juu mweusi tifutifu, chini yake mkanda wa vijiwe vyeupe vyeupe vilivyojaa vitundu. Mwanawe wa kiume alichomoa kimoja, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikaelea. Mama akacheka, akasema hivyo ndivyo wanavyosugulia visigino.

Vijiwe vile vilitoka angani. Takriban miaka 4,000 iliyopita Rungwe ulilipuka kwa nguvu, ukarusha povu la mawe yaliyoyeyuka. Likapoa hewani likiwa bado na mapovu ya gesi ndani yake, ndiyo maana ni jepesi. Liliangukia eneo kubwa kuuzunguka mlima. Majivu ya milipuko kama ile, yakichanganyika na mvua nyingi za Rungwe na mboji ya msituni, ndiyo yaliyozaa udongo huu mweusi. Nilikaa nimeshika kijiwe kile muda mrefu. Na si mambo ya kale tu: Kiejo, jirani wa Rungwe upande wa kusini, ulimwaga lava karibu mwaka 1800, wakati mababu wa watu hawa wakiishi na kulima hapahapa. Ukiendelea mbele hadi Mto Kiwira utakuta Daraja la Mungu, upinde wa mwamba wa lava ambao mto unapita chini yake.

Kesho yake nilipanda Mlima Ngosi, ule wa pili wa moto, wenye ziwa lile, na kijana wa kijijini. Njia inapita kwenye mianzi na migomba ya mwituni, inateleza, na mwishoni unashika mizizi kwa mikono. Kileleni, mita 2,621, ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa ziwa limetulia ndani ya kasoko, shimo la mlima wa moto, kijani, kuta za msitu zimelizunguka pande zote.

Njiani kurudi tulizungumza habari za kipunji. Watafiti walimwona kima huyu katika misitu ya Rungwe mwaka 2003, dunia ikatangaziwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua siku zote, na jina tunalomwitia ni lao. Hatukumwona. Kijana aliniambia ukimsikia huwezi kumchanganya na mwingine, sauti yake ni kama ya mbwa anayebweka akiwa amebanwa koo. Nafurahi kwamba msitu wa mlima ule sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, maana maji ya kijiji yanatoka humo.

Jambo lililoniuma nililiona barabarani siku ya kuondoka. Mnunuzi mmoja alikuwa akijaza magunia ya viazi: gunia likijaa, anashonea kipande kingine juu, viazi vinarundikwa tena mpaka linakuwa na kilemba. Lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini mkulima analipwa gunia moja, kilemba kinakwenda bure. Mama mwenyeji wangu alisimama akitazama bila kusema neno. Nilimuuliza kwa nini asiwauzie wenye mizani. "Wakija, tunawauzia," alinijibu. "Leo hawajaja, na ada ya mtoto inadaiwa."

Ukipita Isongole, teremka ununue viazi pale pale kwa akina mama wa barabarani, uwalipe bei wanayotaja. Vikichemshwa vinapasuka vyenyewe, vya unga, na maharage ya huko huko ndiyo mboga yake.