Mvinyo mweupe wa milima ya São Mamede

Jamani, jana nimekunywa mvinyo mweupe ambao sitausahau upesi. Unatoka Serra de São Mamede, karibu na Portalegre, Ureno, upande wa mpaka wa Hispania. Wengi wakisikia Alentejo, eneo la Ureno ilimo milima hii, huwaza tambarare na jua kali. Huku kilele kinapita mita 1,000, usiku kuna baridi, na zabibu hubaki na uchachu wake.

Mizabibu ni mikongwe na imepandwa kwa kuchanganywa aina za zabibu: Arinto, Fernão Pires, Roupeiro na nyingine, shamba moja, huvunwa kwa pamoja. Mtengenezaji haongezi hamira. Juisi huchachuka kwa chachu iliyokuja na zabibu zenyewe. Hachuji, na salfa ya kuuhifadhi anatia kidogo sana.

Kwenye glasi una ukungu kidogo. Ukitoka tu kwenye friji hausemi kitu, lakini tulipouacha kama nusu saa ikaja harufu ya ganda la limau, kisha chumvichumvi ikabaki ulimini muda mrefu. Na samaki wa kuchoma unaendana mno, acha kabisa!

Mizabibu mikongwe kama hii huzaa kidogo, na kuing'oa na kupanda mipya ndiyo njia rahisi. Nawaheshimu sana wanaoiacha. Mkiupata, msiupoze kupita kiasi.