Kutoka Mtaa wa 53 Hadi wa 122: Safari ya Kuzifuata "Ndiyo" Mbili

Tulianzia safari yetu mbele ya ukumbi wa Ed Sullivan, ulioko Broadway kati ya mitaa ya 53 na 54 jijini New York, ambamo tarehe 9 Februari 1964 The Beatles waliimba "She Loves You" mbele ya kamera za televisheni, wakilirudia neno "yeah", yaani ndiyo, mara tatu mfululizo. Mwenyeji wangu, Myahudi anayefundisha hisabati, ndiye aliyepachagua mahali hapo. "Zihesabu vizuri hizo ndiyo," aliniambia, "kwa sababu tuendako zitatosha mbili."

Ndani ya treni namba 1 tuliuzungumzia wimbo wa The Rolling Stones wa mwaka 1965, ambamo mwimbaji analalamika kwa vikanushi viwili kwamba haridhiki. Kwa kanuni za mantiki, kukanusha kilichokanushwa ni kukiri, kwa hiyo mlalamikaji yule angepaswa kuwa ameridhika walau kidogo. Nilimweleza mwenyeji wangu kwamba Kiswahili humtii zaidi mwanamantiki: "hakuna asiyejua" maana yake ni kwamba wote wanajua. Alifurahi mno, akaiandika kauli hiyo kwa alama za mantiki pembeni mwa gazeti lake.

Tulishuka mtaa wa 116 na kuingia Chuo Kikuu cha Columbia, tukasimama mbele ya jengo la falsafa, penye sanamu ya Rodin ya mtu anayefikiri. Hapo ndipo alipofundisha Sidney Morgenbesser (1921–2004), mzaliwa wa jiji hilohilo, aliyesomea urabi kabla ya kuwa profesa wa falsafa. Inasimuliwa kwamba J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, alisema katika mhadhara kuwa zipo lugha ambamo vikanushi viwili huzaa ukubali, lakini hakuna lugha ambamo maneno mawili ya kukubali huzaa ukanushi, ndipo Morgenbesser akajibu kutoka miongoni mwa wasikilizaji, "Yeah, yeah."

Mwenyeji wangu aliyatamka maneno hayo kwa kuyavuta, la pili likishuka chini, nami nikamsikia bibi yangu akisema "haya, haya" kila nilipomletea visingizio vya kuchelewa kurudi kutoka dukani. Ninaupenda mzaha huu kuliko hoja nyingi ndefu, kwa kuwa kauli isemayo "hakuna lugha" huangushwa na mfano mmoja tu, naye Morgenbesser hakuueleza mfano huo, bali aliutamka.

Tukatembea hadi mtaa wa 122, kwenye seminari ya Kiyahudi Morgenbesser alikopata urabi wake. Nikauliza: ikiwa ndiyo mbili ni hapana, je, ile ya tatu ya The Beatles inatupeleka wapi?

"Wewe uliisikia ikiimbwa kwa sauti gani?" akanijibu, kisha akaiimba palepale njiani kwa kifua chote, na zote tatu zilikuwa ndiyo.