Nilimfuata mjusi wa kwetu hadi Berlin

Kwetu Mikumbi, Lindi, hakuna asiyemjua mjusi, yule dinosaria ambaye Wajerumani waliichukua mifupa yake. Hajaonwa na mtu, lakini anajulikana. Wazee wakishamaliza kulalamikia bei ya korosho, humgeukia yeye: "Na mjusi wetu je, Wajerumani hawajamrudisha tu?" Swali hilo limewahi kufika hata bungeni. Kwa hiyo jina langu lilipotoka kwenye orodha ya wanafunzi wa akiolojia kutoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watakaokwenda Berlin kwa wiki mbili, bibi hakuniuliza naenda kusoma nini. Aliniagiza nikamwone.

Tulichaguliwa wanane, tukaondoka sita. Wawili viza zao zilitoka siku tatu baada ya ndege kuruka. Sisi wengine tulibeba taarifa za benki, barua za mwaliko, bima ya safari ya euro 30,000, mpaka mkoba wa makaratasi ukawa mzito kuliko begi la nguo. Doha asubuhi, Berlin mchana, mwanzo wa Novemba, baridi ya kuuma masikio. Siku ya kwanza niliduwaa Magharibi ilipoingia saa kumi na nusu, mimi hata usingizi wa mchana sijauwaza.

Vipindi navyo vilikuwa na saa zake. Ratiba ilisema saa nne asubuhi. Tulishaonywa kwamba Mjerumani hachelewi, basi tukafika saa nne kasorobo. Ukumbi mtupu. Saa nne ikapita, tukaanza kulaumiana nani kasoma vibaya namba ya chumba. Saa nne na robo mlango ukafunguka, wakaingia wote kwa mkupuo, mwalimu na wanafunzi, kama walioshuka basi moja. Kumbe vyuo vya huko vina robo yao ya saa, desturi ya zamani: kipindi cha saa nne huanza saa nne na robo, na kila mtu anajua isipokuwa mgeni. Kilipokwisha, wakaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole. Nikadhani wamechukizwa. Mwenzangu wa Dodoma akaninong'oneza, "Hapa bungeni au chuoni?" Ndivyo wanavyompongeza mwalimu.

Kilichonishinda zaidi ni ule ubishi. Binti mmoja alimkatiza profesa katikati ya sentensi, akamwambia hakubaliani naye, na profesa akaandika hoja yake kwenye daftari. Sisi tumezoea kumwacha mwalimu amalize, kisha tunakwenda kumbishia kwenye kibanda cha chai akiwa hayupo. Wiki nzima ya kwanza, tukiulizwa maoni, tulisema "ni mada nzuri sana".

Mwenyeji wangu alikuwa mwanafunzi anayejifunza Kiswahili, lugha iliyofundishwa Berlin tangu Seminari ya Lugha za Mashariki ilipofunguliwa mwaka 1887. Tulipokutana aliniinamia kidogo: "Shikamoo." Nina miaka 23, naye amenizidi miwili. Nikaitikia "marahaba" kwa utani. Sikujua kwamba angeendelea kuniamkia hivyo kila asubuhi, na mimi nikakosa ujasiri wa kumsahihisha mpaka siku ya tano.

Yeye ndiye aliyenipeleka Invalidenstraße, kwenye Makumbusho ya Historia Asilia. Unapita mlangoni, na mjusi yuko mbele yako. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Nilimtazama kuanzia miguuni, maana ndipo macho yangu yalipofikia kwanza, na ikanichukua muda kufika kichwani. Siku hizi wataalamu wanamwita Giraffatitan. Aliishi miaka milioni 150 iliyopita, akachimbwa Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini, na msafara wa wanasayansi wa Kijerumani, kati ya 1909 na 1913. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla, na njaa iliyoletwa na vita ilikuwa bado haijasahaulika. Mamia ya watu walichimba na kubeba, kichwani na begani, na mifupa mizito ikaning'inizwa kwenye miti kati ya wanaume wawili. Siku nne kwa miguu hadi Lindi bandarini. Zaidi ya tani 200 zilitoka kwa njia hiyo.

"Tendaguru kukoje?" mwenyeji akaniuliza. Ikabidi niseme ukweli: sijafika.

Siku mbili baadaye kundi letu liliingizwa ghalani. Huko nilikuta kitu ambacho picha hazikuwa zimeniandaa nacho. Baadhi ya mifupa ilisafirishwa ndani ya mianzi iliyopasuliwa, ikafungwa kwa kamba kuuzunguka mfupa, ndani kumeshindiliwa majani na udongo. Mingine imekaa zaidi ya miaka 100 haijafunguliwa. Mianzi ileile, udongo uleule mwekundu unaoganda kwenye soli mvua ikinyesha. Nikamkumbuka mjomba wangu anavyopasua mianzi ya dema, mtego wa kuvulia samaki: anaanzia kwenye ncha, halafu anaifuata nyuzi bila kuilazimisha. Aliyefunga mizigo ile hakuwa anajifunza. Alishazoea kufunga vitu.

Jioni, kwenye semina, mtu akasema njia ya mianzi ilikuwa "ubunifu wa msafara". Nikajikuta nimemkatiza. Nikasema ubunifu huo una wenyewe, nikaeleza habari ya dema, nikachora ubaoni jinsi mwanzi unavyopasuliwa. Kiingereza changu kilijikwaa mara mbili tatu. Mtafiti mmoja akaniuliza kama mjomba yuko tayari kutazama picha za mafundo. Nikasema yuko tayari, mradi apigiwe simu baada ya kurudi kutoka baharini. Wakagonga meza.

Ila nami nilifundishwa siku hiyo hiyo, na fundisho hilo bado linanikera. Waliniambia kuhusu Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, fundi wa kuisafisha mifupa. Mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Nimesoma shule ya msingi na sekondari Lindi, nikasoma akiolojia miaka miwili Mlimani, na jina la Boheti nimelisikia mara ya kwanza kwa mtu wa Berlin.

Usiku nilimpigia bibi simu. Nikamweleza urefu, nikamweleza ghala na mianzi. Alisikiliza kimya, kisha akauliza jambo ambalo profesa yeyote hakuwa ameliuliza:

"Wamemlaza ameelekea wapi?"

"Hajalazwa, bibi. Wamemsimamisha."

"Tangu lini?"

"Mwaka 1937."

Akanyamaza. Halafu nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa naye barazani: "Yule mjusi, tangu sijazaliwa, kasimama."